Mlango wa jengo letu haufungiki tangu Novemba, na ofisi inasema fedha hakuna

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Jengo letu ni la mamlaka ya nyumba ya mji mmoja hapa Marekani, na wengi wetu ni familia zilizotoka Kongo kupitia kambi za Tanzania na Burundi. Tangu Novemba kitasa cha mlango mkubwa kimevunjika. Tunaufunga kwa waya, ambao yeyote anayetaka huufungua, na usiku watu tusiowajua hulala ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, ambako taa zote mbili zimeungua. Mama wa ghorofa ya nne hutoka kazini kiwandani saa nane za usiku, na kila siku mwanawe wa miaka 14 huamka kumshukia na tochi.

Nimekwenda ofisini mara tatu, na kila mara naambiwa kwamba serikali kuu haijatoa fedha. Hiyo ni nusu ya ukweli. Wizara ya nyumba, HUD, huzigawia mamlaka za nyumba fedha za matengenezo makubwa kila mwaka, na mbali na hizo Bunge limekuwa likitenga fungu la dharura la usalama, la kununulia vitu kama makufuli, taa, kamera na uzio. Fungu hilo ni dogo mno kwa nchi nzima, na kwa miaka mingi kikomo chake kimekuwa dola 250,000 kwa mamlaka moja, lakini asiyeomba hapewi kitu. Nilipouliza kama waliomba, nilijibiwa kwamba kumbukumbu za polisi hazionyeshi uhalifu wa kutosha hapa kwetu.

Jibu hilo limeninyima usingizi. Mwombaji hutakiwa kuthibitisha tishio, na takwimu za polisi ndizo zinazoaminiwa. Sasa, nani kwetu hupiga simu polisi? Mzee aliyenyang'anywa pochi mbele ya lifti mwezi Februari hakuripoti, kwa kuwa hajui Kiingereza, na kwa kuwa kule tulikotoka mtu akiona sare hujificha kwanza. Woga wetu umeandikwa kuwa ni amani.

Au wanangoja maiti? Januari 2019, huko Columbia, South Carolina, wanaume wawili waliuawa na gesi ya kaboni monoksidi katika nyumba za umma za Allen Benedict Court, na mamia ya wapangaji wakahamishwa. Sheria inayolazimisha vifaa vya kutambua gesi hiyo katika nyumba kama zetu ilipitishwa baada ya vifo hivyo, ikaanza kutumika Desemba 2022.

Kanuni zinataka mpango wa mwaka wa mamlaka utangazwe siku 45 kabla ya mkutano wa hadhara, ili wapangaji wausome na waseme. Tangazo la mwaka huu nililikuta chumba cha kufulia, nyuma ya mlango, kwa Kiingereza pekee. Nimelitafsiri na kulipitisha nyumba kwa nyumba.

Ninachodai ni waraka mmoja tu: nakala ya maombi ya fungu la usalama, yenye tarehe na sahihi, au maandishi yanayokiri kwamba hawakuomba. Mkutano ni Alhamisi, familia 11 zimeahidi kuja, na mzee wa pochi amekubali kusimama aseme mwenyewe, nami nitamtafsiria.