Bwawani namaliza raundi 20, baharini nilishindwa kufika kwenye ngalawa

Mama Tumpe wa Uyole:
Habari zenu ndugu zangu. Nina miaka 43, kuogelea nimejifunza ukubwani kwenye bwawa la hoteli moja hapa Mbeya. Alinifundisha mtoto wa dada yangu, na maji ya huku mnayajua, mwezi wa saba unaingia meno yanagongana. Nilivumilia mwaka mzima mpaka nikawa namaliza raundi 20 bila kusimama. Bwawa lina mita 15 hivi.

Desemba nikaenda kwa wifi yangu Kigamboni. Kulikuwa na ngalawa imetia nanga, kama mita 60 kutoka ufukweni. Nikajiambia hizo ni raundi nne tu. Sikufika hata nusu. Chumvi ikaniingia puani, nikainua kichwa ngalawa siioni, moyo ukaanza kwenda mbio. Kilichoniokoa ni kugeuka chali na kuelea, kisha nikajisogeza taratibu mpaka miguu ikagusa mchanga. Watoto wa wifi walikuwa wanacheza mle mle, na hakuna aliyewahi kuwafundisha.

Naomba mniambie ukweli: bahari ni ngumu kuliko bwawa, au mimi sijui kuogelea? Mwaka huu narudi tena.

Mwana Ipinda:
Ugonile mama. Mimi nimekulia Kyela, ziwani, sasa nafanya kazi Dar. Kuogelea unajua. Kilichokuangusha ni ukuta.

Raundi 20 ni mita 300, sawa. Lakini kila baada ya mita 15 unagusa ukuta, unausukuma kwa miguu, unapata mita mbili za bure na pumzi moja nzuri. Yaani hujawahi kuogelea mita 16 mfululizo, halafu Kigamboni ukataka 60.

La pili ni macho. Bwawani vigae vya chini vinakunyoosha. Baharini hakuna mstari, unapinda bila kujua. Kila ukipiga mikono sita, inua macho tu juu ya maji kama mamba, uangalie kitu kisichohama. Ngalawa inazunguka kwenye nanga yake, haifai. Ukiwa unarudi, chagua mnazi au paa la nyumba. Halafu, pumzi unavutia upande gani?

Chumvi usiichukie. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu kama 35 za chumvi, kwa hiyo ni mazito kuliko ya bwawani. Mwili wa lita 60 unabebwa kwa kilo moja na nusu zaidi. Ndiyo maana ulipolala chali yalikushika.

Dada wa Kihesa:
Mama, uliuliza maji yanajaa au yanapwa? Sisi wa Iringa hatuna mazoea hayo. Yanabadilika kila saa sita hivi, na siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, tofauti hapo Dar inapita mita 3. Mimi nilitembea mpaka kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yamekupwa, nikakaa kuokota makombe. Kugeuka, nyuma yangu maji yamefika kifuani. Nilitetemeka siku nzima. Na mkondo ukikuvuta kwenda nje usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka uachiwe.

Mama Tumpe wa Uyole:
Navuta pumzi kulia tu, na mawimbi yalikuwa yanatoka kulia! Habari ya kupwa sikuuliza kabisa. Je, nikienda Matema kwanza kujifua?

Mwana Ipinda:
Nenda. Ziwa Nyasa halina chumvi, kwa hiyo halitakubeba kama bahari, lakini mawimbi utayapata na ukuta hakuna. Ingia asubuhi kabla ya upepo. Katikati ya mwaka upepo wa kusini unasukuma mawimbi yote kuja kwetu. Kaa mbali na matete na maji yaliyotuama, kuna kichocho, na midomo ya mito usiisogelee kabla hujawauliza wavuvi habari za mamba. Ogelea sambamba na ufukwe, mahali unapoweza kusimama.

Ila anzia hapo hapo bwawani: ukikaribia ukuta usiuguse, geukia katikati ya maji.

Mama Tumpe wa Uyole:
Ndaga fijo mwanangu. Leo Jumamosi nimejaribu kugeuka bila kugusa. Raundi tatu nimemaliza, ya nne nikashika ukingo. Jumanne narudi.