Fundi umeme wa pikipiki pale Ngamiani, leo tumekosana mimi na wewe!

Wakuu, heshima zenu. Jina simtaji, Tanga nzima mnamjua. Yule wa chini ya mwarobaini, anayepima betri kwa kugonganisha nyaya mpaka cheche ziruke, halafu anacheka peke yake. Huyo huyo.

Nimempa pikipiki anifungie spotilaiti mbili, redio na sehemu ya kuchajia simu. Kavuta waya wa spika, wallahi wa spika, toka kwenye betri moja kwa moja, fyuzi hakuna, rilei hakuna, akazungusha tepu akasema "chombo tayari, bosi".

Sasa nikikanyaga breki, honi inalia. Nikiwasha indiketa, redio inazima. Makorora nzima wamejua napita. Nimempakia mama mmoja wa kwenda Pongwe, hatujafika Kange ananigonga bega: "Mwanangu, mbona huku chini kunaungua?" Nashuka, nafunua siti, moshi!

Narudi kwake kwa adabu zote, shikamoo nimempa. Mbele ya kijiwe kizima ananiambia: "RUDI KWENYE BAISKELI."

Mimi! Nirudi kwenye baiskeli! Hela yangu kala, waya wa spika kanifungia, mama wa watu nusura nimfikishe Pongwe akiwa mishikaki, halafu nirudi kwenye baiskeli. Na wale wa kwenye kahawa wakacheka. Mmoja akanigongea kengele ya baiskeli yake, kring kring. Nirudi kwenye baiskeli!!

Kibamia_wa_Chumbageni: Kring kring 😂😂😂

MzeeWaDainamo: Ila Tanga baiskeli ndiyo heshima yetu, kijana. Dainamo ya tairi haijawahi kuunguza siti ya mtu.

Fundi_Asiyelala: Mkuu, spotilaiti za wati ngapi?

Mleta uzi: 55 kila moja.

Fundi_Asiyelala: Jumla 110. Gawa kwa volti 12, ni ampea 9 na ushee, na redio bado. Waya wa spika lazima uyeyuke. Fyuzi inakaa karibu na ncha chanya ya betri, mzigo unapita kwenye rilei, suwichi inaamuru tu. Na hiyo honi kulia ukishika breki ni nyaya zimechunika zikagusana, au kaunganisha pasipo pake. Hata akirekebisha, koili ya magneti ya pikipiki ndogo haizalishi umeme wa kulisha disko lote hilo. Chukua za LED.

Mleta uzi: Nimekuelewa mkuu. Lakini kaniambia NIRUDI KWENYE BAISKELI.

Bi_Mkora: Kwangu alifunga taa, ziko kama Tanga yenyewe: waja leo waondoka leo.

Mtanga_Ughaibuni: Huku Kanada nina pikipiki ya theluji. Nyingine hazina hata betri, unavuta kamba inawaka, umeme wote unatoka kwenye koili. Na vishikio vya usukani vinapashwa moto kwa umeme huo huo.

Kibamia_wa_Chumbageni: Vishikio vya moto? Mleta uzi anayo siti ya moto, mnalingana.

Bi_Mkora: Theluji na Makorora wapi na wapi, hebu toka.

Raskazone_Upepo: Bora huyo wa pikipiki. Wa friji alichukua kompresa yangu "naenda kuipima". Mpaka leo anaipima.

MzeeWaDainamo: Wa friji yule mwenye pengo?

Raskazone_Upepo: Yeye.

MzeeWaDainamo: Ana feni yangu.

Mleta uzi: Jamani, uzi wangu unahusu baiskeli. Pikipiki, namaanisha.

Kibamia_wa_Chumbageni: Kring kring.

Bi_Mkora: Mafundi cherehani je? Kitambaa nimepeleka mwanzo wa Ramadhani, Idd imepita, nakwenda kuulizia namkuta mkewe kakivaa!

Raskazone_Upepo: Yule wa mlango wa kijani?

Bi_Mkora: Eeh! Umemjuaje?

Raskazone_Upepo: Mkewe dada yangu. Lakini gauni limemkaa.