Alama za mazingira za viwanda: zinalinda ziwa au zinalinda hisa?

Mada (Kirumba)
Wadau, kuna hoja imeshika kasi: kiwanda au mgodi ukipewa alama nzuri na wapimaji wa kimataifa ni msafi, na faida yake itapanda. Napinga. MSCI, mmoja wa wapimaji wakubwa, hupanga kampuni kuanzia AAA (bora kabisa) hadi CCC (ya mwisho), lakini anachotazama ni jinsi mambo ya mazingira yanavyoweza kuumiza mapato ya kampuni. Ziwa likiumia bila mwenye hisa kuguswa, alama haitikisiki. Tena mgodi hulinganishwa na migodi mingine, kwa hiyo mchafuzi mwenye nafuu kidogo anapanda juu.

Septemba 2015 Volkswagen ilitangazwa kinara wa watengeneza magari kwenye orodha ya uendelevu ya Dow Jones, yaani ya kampuni zinazosifiwa kwa kujali mazingira na jamii. Siku chache baadaye Marekani ikaanika programu ya Volkswagen ya kudanganya vipimo vya moshi.

Na hiyo faida? Kampuni yenye pesa ndiyo inayoweza kuajiri watu wa kuandaa ripoti nene. Inawezekana kabisa pesa ndizo zilizoleta alama.

Igoma
Kaka, mimi ni mhasibu wa kiwandani. Hakuna bosi anayejenga mtambo wa kusafisha majitaka mpaka mfuko uguswe. Benki ikitazama alama kabla ya kukopesha, atajenga. Umesahau 1999? Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua sangara wetu wa Ziwa Victoria kwa habari za uvuvi wa sumu. Soko ndilo lililotunyoosha, siyo mahubiri.

Kirumba
Sijasahau, nyumbani tulilala njaa mwaka ule. Kwamba pesa inasukuma, nakubali. Lakini wale wanunuzi walitaka samaki wapimwe, wakahoji na ukaguzi wetu. Hakuna aliyeridhika na ripoti ya kampuni. Mpaka leo Nyegezi, hapa Mwanza, kuna maabara ya samaki. Minofu ya kwenda Ulaya inapimwa. Maji ya bomba la kiwanda yanayoingia ziwani, majibu yake umeyaona wapi? Yabandikwe mwaloni na ofisi ya kata, kila mwezi. Benki nayo ikopeshe kwa kutazama hayo.

Igombe
Wanangu, mimi nauza dagaa. Kiwanda kikifungwa, kijana wangu hana kazi. Majitaka yakiachwa yarutubishe magugu maji, mitumbwi inashindwa kutia nanga. Vyote vinanigusa. Ila semeni, huyo mpimaji analipwa na nani? Akilipwa na kiwanda, atasema kiwanda kinachotaka.

Kirumba
Mama, umegusa penyewe. Kiwanda kilipe ada serikalini, lakini kisimchague mpimaji wala kisijue siku atakayokuja. Volkswagen ilifaulu vipimo vya maabara miaka mingi. Shaka ilianzia kwa watafiti wa chuo kikuu cha West Virginia, waliofunga vifaa nyuma ya magari na kuyaendesha barabarani.

Igoma
Hapo naungana nawe. Ila sampuli zichukuliwe na usiku pia. Mchana peke yake hautoshi.