Hivi nani aliruhusu java -version ijibu kupitia njia ya makosa? Nimeumbuka kikaoni

Wakuu, sijalala na nina hasira, mnivumilie.

Juzi bosi kaniagiza nimtolee orodha ya toleo la Java (lugha ya programu inayoendesha mifumo yetu) kwenye seva zetu zote 40. Kazi ya dakika kumi, si ndiyo? Ukiiuliza Java inajibu mistari mitatu, mimi nautaka mmoja tu, ule wenye neno "version". Nikaandika skripti inayozunguka seva moja moja na kupiga hii:

java -version | grep version

Grep ni kichujio, inabakiza mistari yenye neno unalotaka tu. Ikikosa mstari, skripti iandike "HAKUNA JAVA" mbele ya jina la seva. Nikaiacha ijiendeshe usiku. Asubuhi nikachapisha ripoti bila hata kuitupia jicho (hilo kosa langu, nakiri) nikaingia nayo kikaoni. Seva 40, zote HAKUNA JAVA! Mtu wa fedha akauliza kama mfumo wa mauzo, ambao ni wa Java mtupu, unaendeshwa na majini.

Jana nikakesha. Naipiga kwa mkono, mistari yote mitatu inatokea kwenye skrini kana kwamba grep haipo. Naweka -i, naweka -w, natia alama za kunukuu, wapi. Mwisho nikatafuta neno "ugali". Mistari mitatu ileile! Hapo ndipo akili ikanijia: grep haijapokea hata tone. Tui linamwagika pembeni, mimi nalaumu kifumbu.

Kumbe programu ina njia mbili za kutolea maneno, namba 1 ya majibu na namba 2 ya makosa, na ule mstari wima |, unaopeleka maneno ya programu moja kwenda nyingine, unabeba namba 1 peke yake. Zote zinaishia kwenye skrini hiyohiyo, kwa hiyo kwa macho huwezi kuzitofautisha. Namba 2 yenyewe ina sababu ya maana: inasimuliwa kwamba pale maabara ya Bell Labs, Marekani, miaka ya 1970 walikuwa wanaharibu kazi ya mtambo ghali wa kupanga chapa, unasubiri ukurasa wako, unaletewa ujumbe wa kosa umepangwa vizuri kabisa. Sawa. Lakini toleo ni kosa? Nimekuuliza jina lako, unanijibu kwa mlango wa dharura?

Dawa ni hii, inaelekeza namba 2 ipite njia ya namba 1:

java -version 2>&1 | grep version

Na hiyo 2>&1 ikae kabla ya mstari wima. Mimi niliiweka mwishoni, ikawa inaelekeza makosa ya grep yenyewe, nusu saa nyingine ikaenda.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanajua. Tangu Java 9 ya mwaka 2017 kuna --version, yenye vistari viwili, inayojibu kwa namba 1, na msaada wao unaandika waziwazi kwamba ile ya kistari kimoja inatoa kwenye njia ya makosa. Kistari kimoja, wakuu! Na nusu ya seva zangu ni Java 8, ambayo hiyo ya vistari viwili haiitambui kabisa. Lugha ya Python nao walikuwa na ugonjwa huuhuu, wakajirekebisha kwenye 3.4. Programu ya seva za wavuti, nginx, ukiiuliza toleo kwa nginx -v, inao mpaka leo. curl -v, ya kuvuta kurasa za wavuti, namsamehe, maana namba 1 yake inabeba ukurasa wenyewe.

Halafu nyie walimu wa kozi za wiki sita. Nimelipa laki nne nifundishwe kwamba grep "inatafuta neno", na mfano ni ps aux | grep java (ps aux inaorodhesha programu zinazoendeshwa). Mfano wenyewe mbovu! Java ikiwa imekufa bado mstari unaupata, kwa sababu grep inajiona yenyewe kwenye orodha. Hapa ofisini nimerithi skripti ya ulinzi iliyojengwa hivyohivyo, miaka yote inasema "IKO HAI". Nimebadilisha kuwa grep '[j]ava', haijioni tena, maana mstari wake sasa una mabano.

Nimeuliza kwenye grupu moja, jibu: "soma mwongozo". Mwongozo wa grep unijulishe vipi tabia za Java, mkuu?

Leteni programu nyingine zenye mchezo huu nizizibe zote kabla ya Jumatatu. Bosi anataka ripoti upya, na safari hii kasema ataisoma yeye kwanza.