Ugomvi wa michango ya sare za kwaya: tuanzie wapi?

Sauti ya Tatu: Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wanakwaya wawili hawasalimiani. Mmoja anasema alishalipa mchango wa sare, mweka hazina anasema hajaona kitu. Mwenyekiti anataka tufunge siku 3, tuombe, yaishe. Inatosha?

Mzee wa Usharika: Ameni. Fungeni, ila Mathayo 18:15-17 ina mpangilio wake, msiuruke. Kwanza aliyekosewa amwendee mwenzake, wao wawili tu. Aende kwa miguu yake, si kwa ujumbe kwenye grupu la WhatsApp. Asiposikilizwa, arudi na mmoja au wawili. Hapa ndipo wengi huharibu, maana huchukua rafiki zao. Hao ni mashahidi wa kuthibitisha kila neno, kama Kumbukumbu la Torati 19:15 inavyodai, kwa hiyo lazima pande zote mbili ziwakubali. Baraza la wazee ni hatua ya tatu. Mkianzia kwa mchungaji, ndugu huyo atajiona ameshahukumiwa, naye atajitetea tu.

Na tafadhali, msimtaje mtu kwenye maombi ya pamoja kabla ya hapo. Siri nyingi huvujia humo.

Mwinjilisti: Shalom. Naongeza la pesa. Matendo 6: wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakukemea manung'uniko, waliliambia kusanyiko lichague watu 7. Sasa yatazameni majina, kuanzia Stefano na Filipo hadi Nikolao: yote ni ya Kiyunani! Waliolalamika walipata watu wa kuwaamini pale pale kwenye mgawo. Nanyi fanyeni hivyo. Anayedai achague mtu wake, akae na mweka hazina, wafungue daftari mstari kwa mstari: tarehe, kiasi, stakabadhi au ujumbe wa simu wa malipo.

Sauti ya Tatu: Na kama stakabadhi haikuandikwa kabisa?

Mwinjilisti: Basi asiitwe mtu mwizi wala mwongo, hakuna awezaye kuthibitisha. Pengo libebwe na kwaya nzima. Kuanzia sasa michango ipokelewe na watu 2, wote watie sahihi hapo hapo. Hata Paulo hakupeleka changizo la Yerusalemu peke yake; 2 Wakorintho 8:19-21 inatoa sababu, mtu asije akawalaumu.

Mzee wa Usharika: Na wapeane mikono kabla ya Meza ya Bwana, wasingoje ipite.