Saturn iliyotumika: SL2 ya 2001, VUE ya 2006 au Aura ya 2008?

Mama Neema (Columbus, Ohio)

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla sijatoa fedha. Gari ninaloendesha sasa limefika mwisho wake, nami nafanya kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee iliyo maili 22 kutoka ninapoishi, kwa hiyo siwezi kukaa bila usafiri hata wiki moja. Nina dola 3,500 mkononi na sitaki kuingia kwenye mkopo.

Nimepata magari matatu ambayo nimeyaona kwa macho yangu, na yote matatu ni Saturn. La kwanza ni SL2 ya 2001, gia otomatiki, maili 148,000, dola 1,600. La pili ni VUE ya 2006 yenye injini ya silinda sita, maili 131,000, dola 3,300. La tatu ni Aura ya 2008 yenye injini ya silinda nne ya lita 2.4, maili 119,000, dola 3,500. Jirani yangu amenisihi nisinunue hata moja, kwa sababu kiwanda chake kilifungwa na vipuri havitapatikana. Je, ni kweli? Na kama si kweli, ni lipi kati ya hayo matatu linalomfaa mama mwenye watoto wawili katika mji wenye theluji?

Mzee wa Nashville

Mwanangu Mama Neema, jirani yako amesema jambo moja la kweli na jingine lisilo la kweli. Ni kweli kwamba Saturn haipo tena. Si kweli kwamba vipuri vimekwisha, ila upatikanaji wake unategemea sana ni Saturn gani unayoizungumzia, na ili uelewe sababu yake lazima nikurudishe nyuma kidogo.

Kampuni ya General Motors ilitangaza kuanzishwa kwa Saturn Januari 1985, chini ya mwenyekiti wake Roger Smith, kwa lengo la kutengeneza magari madogo yatakayoweza kushindana na yale ya Kijapani. Walijenga kiwanda kipya kabisa huko Spring Hill, kusini mwa hapa Nashville, na wakafanya mkataba wa pekee na chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, ambao uliwapa wafanyakazi sauti katika maamuzi ya kiwanda. Gari la kwanza lilitoka Julai 30, 1990, likiendeshwa na Smith mwenyewe, na pembeni yake ameketi Owen Bieber, rais wa UAW. Si jambo la kawaida kwa mwajiri na kiongozi wa wafanyakazi kuonekana ndani ya gari moja, na mimi naamini sehemu kubwa ya mapenzi ya watu kwa chapa hii ilitokana na roho ile.

Sisi tuliolelewa katika kupatana bei tulishangazwa na namna walivyouza. Bei iliyobandikwa ndiyo iliyolipwa, awe mnunuzi ni wakili au mgeni aliyefika juzi asiyejua Kiingereza sawasawa. Nilinunua SL1 yangu mwaka 1996, na ile ilikuwa mara yangu ya kwanza nchini humu kuondoka kwa muuzaji wa magari bila wasiwasi kwamba nimetozwa zaidi ya aliyenitangulia. Mwaka 1991, ilipogundulika kwamba baadhi ya magari yalijazwa maji ya rejeta yasiyofaa, kampuni haikuyatengeneza, bali iliwabadilishia wateja zaidi ya magari 1,800 kwa mengine mapya. Juni 1994 wenye magari na familia zao, watu zaidi ya 40,000, walisafiri kutoka majimbo mbalimbali wakakusanyika pale kiwandani Spring Hill. Sijasikia wenye chapa nyingine ya magari madogo waliopendana kiasi hicho.

Tatizo ni kwamba General Motors haikuilisha Saturn. Kwa karibu miaka kumi ilikuwa na gari la aina moja tu, mfululizo wa S, lililobadilishwa sura bila kubadilishwa msingi. Gari la pili, mfululizo wa L, lilipokuja kwa mwaka wa modeli 2000, halikuwa tena la Spring Hill. Lilijengwa Wilmington, Delaware, juu ya msingi wa Opel Vectra ya Ulaya. Kutoka hapo Saturn ikawa jina linalobandikwa juu ya magari yanayofanana na ya ndugu zake. Kampuni mama ilipofilisika mwaka 2009, mfanyabiashara Roger Penske alikubali kuinunua chapa hiyo, lakini Septemba 30 mwaka huo alijitoa, kwa kuwa Renault, iliyotarajiwa kumtengenezea magari ya baadaye, ilikataa. Mwaka 2010 ikawa mwisho.

Sasa ona maana yake kwako. SL2, ambayo ni ya ule mfululizo wa S, ni Saturn halisi, haikushirikiana karibu chochote na gari jingine, ndiyo maana vipuri vyake ndivyo vinavyopungua. Aura ni ndugu wa Chevrolet Malibu. VUE uliyoiona imesimama katikati, na nadhani fundi atakueleza vizuri zaidi yangu.

Fundi Salum (Minneapolis)

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, nami nitaanzia pale ulipoishia.

Dada Mama Neema, SL2 ina injini ya lita 1.9 yenye nguvu farasi 124 na inatumia cheni ya taiming badala ya mkanda, jambo ambalo ni zuri. Ila injini hizi zinajulikana kwa mafundi wote kwa kula oili zikizeeka, kwa sababu ringi za pistoni zinazokwangua oili huganda kwa masizi. Gari halitoi moshi mwingi, wala taa haiwaki mapema. Oili inapungua kimyakimya hadi injini inakauka. Mwenye kupima oili kila anapojaza mafuta ataliendesha miaka mingi, na asiyepima ataliua ndani ya miezi michache. Wewe unayetoka kazini alfajiri umechoka, jiulize kwa ukweli utakuwa mtu wa namna gani.

Kuhusu VUE, watu wengi hawajui kwamba injini ya silinda sita iliyowekwa humo kuanzia modeli ya 2004 hadi 2007 ni ya Honda, lita 3.5, nguvu farasi 250, pamoja na giaboksi yake ya Honda yenye gia tano. Kwa hiyo vipuri vya injini si tatizo hata kidogo. Lakini zingatia mambo mawili. Injini hiyo inatumia mkanda wa taiming unaopaswa kubadilishwa karibu na maili 100,000, na ukikatika pistoni zinagonga valvu, hapo injini imekwisha. Gari lako lina maili 131,000, basi dai risiti. Pili, giaboksi inataka oili ya gia ya Honda, na kuna mafundi wanaotia oili ya General Motors kwa kuwa wameona nembo ya Saturn mbele.

VUE za mwanzo za silinda nne zilizokuwa na giaboksi isiyo na hatua za gia, iliyoitwa VTi, usizikaribie. General Motors yenyewe ililazimika kuongeza muda wa dhamana yake mwaka 2004 kutokana na wingi wa kuharibika.

Juma wa Louisville

Nina VUE ya 2005 ya silinda sita kwa mwaka wa saba sasa, hivyo nazungumza kwa uzoefu. Ina nguvu ya kutosha kupanda mlima ikiwa imejaa watu na mizigo, kiti cha nyuma kinawatosha watoto wangu watatu, na milango yake, ambayo ni ya plastiki ngumu kama ilivyokuwa desturi ya Saturn, haijabonyea licha ya kugongwa na vitoroli vya dukani mara nyingi. Gharama yake ni mafuta. Mjini sipati zaidi ya maili 18 kwa galoni.

Namuunga mkono Fundi Salum kuhusu mkanda. Niliponunua gari langu, aliyeniuzia aliapa kwamba gereji yake ilikwisha kuubadilisha, lakini hakuwa na karatasi. Nilimlipa fundi mwingine afungue kifuniko aangalie, tukakuta mkanda uliopasukapasuka ambao bila shaka ulikuwa ule wa kiwandani. Dola 80 za kuangalia ziliniokolea injini nzima.

Dada Furaha (Dallas)

Mimi nasema chukua Aura. Najua wapenzi wa Saturn huiona kama si ya kwao, kwa kuwa bodi yake ni ya chuma na ilijengwa Kansas badala ya Tennessee, lakini ilichaguliwa kuwa Gari la Mwaka la Amerika Kaskazini kwa 2007, na uzuri wa ndani yake mtu anauhisi akikaa tu. Injini ya lita 2.4 inatumia cheni, na vipuri vyake vingi vinaingiliana na Malibu ya miaka hiyo hiyo, kwa hiyo duka lolote la vipuri vya Chevrolet ni duka lako. Kwenye barabara kuu, Aura yangu inanipa maili 29 kwa galoni. Kwa maili 44 unazokwenda na kurudi kila usiku, tofauti ya mafuta kati ya Aura na VUE itakuwa kubwa kuliko tofauti ya bei.

Kuna jambo moja la lazima. Aura za gia nne otomatiki zilirudishwa mwaka 2012 kwa sababu ya waya wa gia, ambao ukichakaa unaweza kufanya mkono wa gia uonyeshe gari liko kwenye kuegesha ilhali giaboksi haipo hapo, na gari likajiendea. Chukua namba ya chesisi, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya Marekani ya usalama barabarani, utaona kama kazi hiyo ilifanyika. Kama haikufanyika, wakala yeyote wa Chevrolet anaifanya bure, hata kama Saturn haipo.

Kijana wa Erie

Samahani kwa kuingilia. Mimi nimeonyeshwa Saturn nyingine, ION ya 2004, kwa dola 1,200. Je, iingie kwenye ulinganisho huu?

Fundi Salum (Minneapolis)

Kijana, ION za 2003 hadi 2007 zimo katika orodha ya magari yaliyorudishwa mwaka 2014 kwa sababu ya swichi ya kuwashia, ambayo ufunguo wake uliweza kuteleza wakati gari linakwenda, injini ikazima na mifuko ya hewa ikashindwa kufunguka. Mfuko wa fidia ulitambua vifo 124 katika magari yote yaliyohusika, na Chevrolet Cobalt imo humo. Usiliendeshe hata kwenda nyumbani kabla ya kuthibitisha kwamba swichi ilibadilishwa. Watu walipoteza watoto wao kwa kipuri cha bei ndogo sana, na siwezi kulizungumzia jambo hili kwa wepesi.

Dada Mama Neema, nakuongezea neno kuhusu kutu, kwa kuwa Ohio wanamwaga chumvi barabarani kama sisi. Milango ya plastiki ya SL2 na VUE haitashika kutu kamwe, na hilo huwadanganya wanunuzi. Fremu iliyo chini ni ya chuma kama ya gari lolote. Yainue magari yote, mulika mabomba ya breki na sehemu inayoshika magurudumu ya nyuma.

Mama Neema (Columbus, Ohio)

Shikamoo Mzee wa Nashville, na asanteni nyote. Jumamosi nilimlipa fundi wa hapa akanifuata kwa wauzaji wote watatu.

SL2 ilikuwa na oili chini kabisa ya alama, na muuzaji hakujua. Niliiacha, ingawa moyo wangu uliipenda kwa sababu ya maelezo ya mzee. VUE ilikuwa safi juu, lakini mabomba ya breki ya nyuma yalikuwa yamelika, na risiti ya mkanda haikuwepo. Fundi alikadiria dola 1,400 kwa kazi zote mbili. Aura ina kutu kidogo kwenye ukingo wa mlango mmoja, chini ni kavu, na namba ya chesisi imeonyesha kwamba waya wa gia ulirekebishwa. Tulipatana bei hadi dola 3,250, nikalichukua jana.

Fundi Salum, muuzaji hakumbuki giaboksi ilibadilishwa oili lini. Nitie ipi?

Fundi Salum (Minneapolis)

Hongera dada. Tia Dexron VI, na usikubali mtu akusukumie oili kwenye giaboksi kwa mashine ya presha. Waambie wamwage ile iliyomo kwenye sufuria ya chini, wabadilishe kichungi, wajaze kiasi kilichotoka, kisha urudie tena baada ya maili 5,000.

Mzee wa Nashville

Marahaba, mwanangu. Ukiwa nayo hapo, angalia pia tarehe iliyopigwa kwenye tairi, kwa sababu theluji ya Columbus inaanza Novemba.