Spika inasikika ndogo jenereta ikiwaka, kwa nini?

Wakuu, spika ya matangazo sokoni Owino, Kampala: jenereta ikizimwa sauti inajaa, ikiwaka inanyauka. Miksa haijaguswa. Amplifaya imechoka?

Jibu 1: Amplifaya haina kosa, ni sikio. Sikio huchambua sauti kwa mikanda ya masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupimwa kwa hezi). Karibu na hezi 1,000 mkanda una upana wa hezi 160 hivi. Kelele ikiingia mkanda uleule, hufunika sehemu ya sauti. Tena mngurumo mzito hufunika zaidi masafa yaliyo juu yake kuliko ya chini.

Jibu 2: Msiongeze besi, kosa la kila soko! Kateni chini ya hezi 150, pandisheni hezi 2,000 hadi 4,000 kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti). Lengeni desibeli 15 juu ya kelele pale mteja anaposimama. Desibeli 10 zaidi zinadai wati mara kumi, basi sogezeni spika: kutoka mita 8 hadi 4 mnapata kama desibeli 6 bure.

Jibu 3: Pandisheni polepole. Sauti ikichomoza tu juu ya kelele, ukubwa wake masikioni hukua haraka kuliko penye ukimya. Mkizidisha, maiki itapiga mluzi.